Kufundisha kwa Mbali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wahadhiri wa Mombasa

Majibu haya ni ya wahadhiri wa vyuo vikuu vya Mombasa na Pwani kwa jumla ambao muhula ujao watafundisha wanafunzi wasiokaa nao chumba kimoja. Yote yanasimama juu ya jambo moja: kozi ya mtandaoni hupangwa kwa kipimo cha mwanafunzi mwenye mtandao hafifu kuliko wenzake wote, aliye Hola au Kinango na simu ndogo na bando la kuhesabu. Mhadhiri mwenye faiba nyumbani kwake Nyali si kipimo.

Nianze kwa kujifunza Zoom?

Hapana, Zoom, programu ya mikutano ya video, iwe ya mwisho. Vitufe vyake hujifunzwa kwa alasiri moja. Anza kwa kuwajua wanafunzi. Wiki nne kabla ya muhula, mpe mwakilishi wa darasa maswali matano awapelekee wenzake kwa WhatsApp, na kwa SMS wale wasio nayo: Unasomea simu au kompyuta? Ni yako peke yako au mnagawana nyumbani? Muhula huu utakuwa wapi, na ni mtandao gani unaoshika hapo? Kwa wiki unamudu bando la kiasi gani? Saa zipi nyumbani huwa na utulivu? Majibu ya watu arobaini husomwa kwa nusu saa, na mara nyingi hubatilisha nusu ya mipango uliyokuwa nayo.

Kisha chukua karatasi, uchore jedwali la wiki zote za muhula. Kwa kila wiki andika mambo manne: mwanafunzi ataweza kufanya nini wiki ikiisha, atasoma au kusikiliza nini, atafanya nini kwa mkono wake, nami nitajuaje kwamba ameelewa. Safu ya tatu ndiyo hubaki tupu. Ukumbini pengo hilo halionekani, kwa sababu mhadhiri hulijaza kwa sauti yake. Mtandaoni wiki isiyo na kazi ya kufanya ni wiki ambayo mwanafunzi hayupo, hata jina lake likiwa kwenye skrini.

Kwa nini nisitoe mhadhara wangu wa saa tatu kama kawaida, ila mbele ya kamera?

Kwa sababu hautasikilizwa. Mtafiti Philip Guo na wenzake walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, na mwaka 2014 wakaeleza kuwa muda wa kati wa kutazama haukuvuka dakika 6, video iwe ndefu kiasi gani. Video ndefu ziliachwa mapema hata zaidi. Na hao walikuwa watu waliojiandikisha kwa hiari yao.

Saa tatu zile zivunje hivi. Toa rekodi tatu au nne za dakika 6 hadi 8, kila moja kwa dhana moja tu, ziwekwe siku mbili kabla. Kila rekodi ifuatwe na maswali mawili matatu ya kujipima. Weka usomaji wa kurasa 8 hadi 12 na zoezi la kuandika au kukokotoa la saa moja hivi. Kipindi cha moja kwa moja kiwe cha dakika 45, kwa yale waliyokwama tu. Ukirudia humo yale yaliyo kwenye rekodi, wiki ya pili hakuna atakayesikiliza rekodi, nao watakuwa na haki.

Rekodi hiyo isome kutoka kwenye vidokezo, si kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa neno kwa neno, maana sauti ya mtu anayesoma hujulikana. Ukikosea, nyamaza sekunde tatu, rudia sentensi nzima, endelea. Kimya hicho utakiona kama shimo kwenye mchoro wa sauti, na kukata kutakuwa rahisi.

Maandalizi yanahitaji muda gani?

Wiki nne kwa kozi moja, ukitenga saa 8 hadi 10 kwa wiki. Ya kwanza ni ya wanafunzi na jedwali. Ya pili ni ya kujenga kozi kwenye Moodle ya chuo, yaani mfumo wake wa kozi za mtandaoni: wiki tatu za mwanzo ziwe kamili, zilizobaki ziwe na kichwa na tarehe. Usitayarishe muhula mzima mapema, kwa maana wiki tatu za kwanza zitakufundisha mambo ya kubadilisha. Wiki ya tatu rekodi. Ya nne ni ya majaribio, na hapo kuna jambo ambalo wengi huliruka: ingia kwenye kozi yako kama mwanafunzi, kwa simu ya bei nafuu, waifai imezimwa, kwa bando la MB 100. Fungua kila kiungo, wasilisha zoezi, jibu jaribio. Utakuta faili isiyofunguka, tarehe ya mwaka jana, na kitufe ambacho mwanafunzi hakioni kwa sababu ulikiacha kimefichwa.

Mafunzo ya wahadhiri nayo yaendeshwe hivyohivyo. Warsha ya siku mbili hotelini, slaidi zikipita ukutani, haimtayarishi mtu. Mhadhiri asome kwanza wiki mbili kama mwanafunzi wa mtandaoni, akose bando, achelewe kuwasilisha kazi, asubiri jibu siku tatu. Baada ya hapo hahitaji kuhubiriwa juu ya kujibu wanafunzi mapema.

Darasa la mtandaoni linamla mwanafunzi bando kiasi gani?

Piga hesabu mwenyewe. Video ya kikundi kwenye Zoom huhitaji takriban kilobiti 600 kwa sekunde hata kwa ubora wa kawaida. Zidisha kwa sekunde 3,600, gawa kwa 8: ni kama MB 270 kwa saa. Mwanafunzi mwenye kozi tano, kila moja ikiwa na saa mbili za video kwa wiki, anateketeza GB 2.7 kwa wiki, na karibu GB 38 kwa wiki 14.

Sauti peke yake huchukua kilobiti 60 hadi 80, yaani kama MB 36 kwa saa. Kuonyesha skrini yenye slaidi tulivu huongeza kiasi kama hicho. Kwa hiyo sauti na slaidi bila uso wako ni kama MB 70 kwa saa, robo ya ile ya kwanza. Jionyeshe dakika mbili za mwanzo, msalimiane, mjuliane hali, kisha zima kamera na uwaambie ni kwa nini.

Rekodi zako nazo zipunguze kabla ya kuzipakia. Programu ya bure ya HandBrake inatosha: chagua kimo cha pikseli 480, fremu 15 kwa sekunde, sauti ya mkondo mmoja ya kilobiti 64. Dakika 8 za slaidi zenye maelezo mara nyingi hushuka chini ya MB 15. Kando ya kila video weka sauti tupu ya MP3 kwa kilobiti 32. Dakika 8 ni chini ya MB 2. Wapo wanafunzi watakaomaliza muhula kwa hizo tu.

Adui mwingine ni PDF ya kurasa zilizopigwa picha kwa simu. Kila picha ina MB 3 au 4. Kurasa ishirini ni MB 60 hadi 80. Tumia programu ya kuskani, rangi ya kijivu, nukta 150 kwa inchi.

Ninunue vifaa gani?

Pesa za kwanza zipeleke kwenye sauti. Picha mbaya huvumiliwa, sauti mbaya hufukuza watu. Vipokea sauti vya waya vyenye maikrofoni karibu na mdomo hushinda maikrofoni ya laptopu iliyo umbali wa mkono. Kamera ya laptopu inatosha. Mwanga utoke mbele yako, si dirishani nyuma yako.

Mombasa ina mambo yake. Feni ndiyo mwovu mkuu: wakati wa kaskazi huwezi kuizima, basi igeuze ipulize miguuni na uweke sponji kwenye maikrofoni. Paa la mabati wakati wa masika hufunika sauti yoyote. Rekodi usiku au alfajiri. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na waifai huchoka ukuta wa pili. Vuta waya wa mtandao wa mita 10 kutoka kwenye ruta hadi mezani badala ya kununua ruta kubwa zaidi. Na chumvi ya bahari hula plagi. Sauti ikianza kukwaruza, kabla ya kulaumu programu futa ncha ya waya kwa pamba yenye spiriti kidogo, na vifaa vikiwa havitumiki viweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Stima ikipotea katikati ya kipindi?

Ruta ya kawaida hula wati 10 hivi. Betri ndogo ya ruta yenye wati-saa 32 huiendesha kama saa mbili na nusu. Soma volti nyuma ya ruta kabla ya kununua: nyingi ni 12, nyingine 9 au 5, na volti kubwa kuliko inayotakiwa inaweza kuichoma. Ikiwa faiba yako ina visanduku viwili, vyote viwili vinahitaji betri. Watu huunganisha kimoja kisha wakashangaa mtandao uko wapi. Weka pia bando la akiba kwenye simu, na liwe la mtandao tofauti na ule wa nyumbani.

Lililo muhimu zaidi ni makubaliano. Wiki ya kwanza andika mahali pasipopotea: "Nikipotea, subirini dakika 10. Nisiporudi, fanyeni zoezi la wiki, nami nitatuma sauti kabla ya saa 2 usiku." Darasa lenye sheria hiyo halivurugiki.

Ratiba niiweke saa ngapi?

Kwanza hakikisha mnasema saa ileile. Moodle na Zoom huandika 10:00, wewe unasema saa nne, na mwanafunzi aliyesoma haraka huja saa 4:00 ya simu yake, yaani saa kumi jioni. Andika zote mbili kila mara: "Jumanne saa 4 asubuhi, 10:00." Hakikisha pia Moodle imewekwa majira ya Nairobi, ikibaki kwenye majira ya London, jaribio la kufungwa saa 6 usiku litachelewa kufungwa kwa muda wa saa tatu au mbili, kutegemea msimu wa huko.

Ijumaa acha wazi kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana. Ramadhani usipange chochote kati ya saa 12 na saa 3 usiku: kuna futari, kisha tarawehe. Asubuhi ya saa 3 au 4 hufaa zaidi. Na usiweke mwisho wa kuwasilisha kazi saa 6 kamili usiku, kwa maana msongamano wa dakika za mwisho huangusha seva, na hakuna fundi wa kupigiwa simu. Saa 11 jioni siku ya kazi ni bora.

Nauliza swali, kimya. Kamera zote zimezimwa. Je, wapo?

Wengi wapo, ila njia uliyowapa ya kujibu ni ngumu. Ukumbini mwanafunzi hutikisa kichwa. Hapa anatakiwa afungue maikrofoni mbele ya watu sitini, watoto wakilia nyuma, muezini akiadhini, tuktuk zikipita nje. Usimlazimishe kuwasha kamera pia: ni bando lake na ni nyumba ya watu.

Mpe njia nyepesi. Uliza swali lenye majibu manne, waandike herufi moja tu kwenye gumzo. Kwa swali la kufikiri, waambie waandike jibu lakini wasibonyeze kutuma mpaka useme. Hesabu sekunde 60, kisha "tumeni". Majibu hamsini yatamiminika kwa pamoja, na hakuna aliyemnakili mwenzake. Utafiti wa Mary Budd Rowe miaka ya 1970 ulionyesha kuwa walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja, na kwamba kufikisha tatu tu hubadili ubora wa majibu. Mtandaoni ongeza: sauti inachelewa, na kidole kwenye simu kinaandika polepole.

Vyumba vidogo vya majadiliano vifae watu wanne au watano, kwa dakika 8, na swali lililoandikwa wakaliona kabla ya kuingia. Bila swali la maandishi, dakika nne za kwanza huishia "jamani tumeambiwa tufanye nini?" Humo waache wazungumze Kiswahili wakitaka, hata kama kozi ni ya Kiingereza, ripoti ndiyo iwe ya lugha ya kozi.

Je, WhatsApp pekee haitoshi?

Inatosha kwa matangazo, sauti fupi na kuulizana. Haitoshi kwa kazi za alama: faili huzama chini ya ujumbe mia mbili, hakuna muhuri wa uhakika wa muda wa kuwasilisha, na namba za simu za wanafunzi huonekana na kila mtu, jambo ambalo baadhi ya wanafunzi wa kike wamelipia kwa kusumbuliwa. Fungua kikundi ambacho msimamizi peke yake hutuma, na majadiliano yawe kwenye jukwaa la Moodle. Video ukiituma humo, itume kama hati. Ukiituma kama video itabanwa na maandishi ya slaidi hayatasomeka.

Ninafundisha hesabu. Ubao uko wapi?

Simu yako ndiyo ubao. Iegemeze juu ya rundo la vitabu kimo cha sentimita 35 hivi, kamera ikitazama chini kwenye karatasi nyeupe, iunganishe kwenye kipindi kama mshiriki wa pili na sauti yake ikiwa imezimwa kabisa, la sivyo mwangwi utapiga kelele. Andika kwa kalamu nene, mistari sita kwa ukurasa. Kila ukurasa ukiisha upige picha. Hizo ndizo nukuu za siku hiyo.

Na maabara na karakana?

Yapo yasiyohamishika. Kulehemu, kupima kwa mikono, kuhudumia mgonjwa: haya hukusanywa kwa wiki mbili tatu za kuja chuoni, na mtandaoni yabaki matayarisho na uchambuzi wa vipimo. Mwanafunzi akiletewa data halisi yenye makosa ya kweli ya vipimo, hujifunza mengi. Lakini usimwandikie kwamba amefanya jaribio ambalo alilitazama tu.

Mitihani: nitazuiaje udanganyifu?

Kwa mtihani wenyewe, zaidi ya kwa ulinzi. Kumrekodi mwanafunzi kwa kamera saa mbili mfululizo kunakula bando lake na kumwadhibu anayelala chumba kimoja na ndugu zake watatu, ilhali simu ya pili iliyo pajani haionekani.

Kwenye Moodle jenga benki ya maswali 60 yaliyogawanywa kwa mada, kisha kila mwanafunzi avutiwe 20 bila mpangilio. Kwa hesabu, tumia aina ya maswali ambayo namba hubadilika kwa kila mtu. Changanya mpangilio wa majibu. Ficha majibu sahihi mpaka dirisha la mtihani lifungwe, kosa ambalo hufanywa na karibu kila mgeni. Weka maswali matano kwa ukurasa: likiwa moja moja, kila swali ni safari mpya kwenye seva, yakiwa yote pamoja, mtandao ukikatika ana mengi ya kupoteza, ingawa Moodle hujihifadhia majibu kila baada ya muda mfupi. Chagua jaribio lijiwasilishe lenyewe muda ukiisha. Dakika 60 ndani ya dirisha la saa 12 huwapa nafasi wanaosubiri stima irudi.

Kwa insha, akili mnemba imebadilisha mchezo. Programu zinazodai kugundua maandishi yake hukosea, tena huwaonea watu wasiozaliwa na Kiingereza. Usimhukumu mtu kwa hizo pekee. Badilisha swali. Badala ya "Eleza nadharia ya bei", mwambie akusanye bei za bidhaa tano sokoni Kongowea kwa siku tatu, na picha, aeleze kwa nini zimepanda au kushuka. Kisha mpigie simu dakika 5 umuulize juu ya kazi yake. Darasa la 60 ni saa 5. Ukichagua 12 kwa kura ni saa moja, na wote 60 hujitayarisha kwa kuwa hawajui nani ataitwa.

Naweza kurekodi kipindi bila kuuliza?

Usifanye hivyo. Sura na sauti ya mwanafunzi ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Waambie kabla ya kubonyeza: unarekodi nini, kwa nini, nani ataona, itafutwa lini. Njia safi ni kurekodi maelezo yako tu na kusimamisha rekodi majadiliano yakianza. Orodha ya alama yenye majina haiwekwi kwenye kikundi cha WhatsApp.

Mwanafunzi asiyeona au asiyesikia atashirikije?

Programu ya kusoma skrini haisomi picha. PDF ya kuskani kwake ni ukurasa mtupu. Mpe faili ya Word yenye vichwa vilivyowekwa kwa mitindo ya programu yenyewe. Kila mchoro uuandikie maelezo ya sentensi mbili, na ukizungumza usiseme "kama mnavyoona hapa", sema kilichopo hapo. Kwa asiyesikia, maandishi ya video yanayotengenezwa na mashine hukosea hasa istilahi na majina ya Kiswahili. Yasahihishe, dakika 8 za video huchukua kama nusu saa. Kumbuka pia mkalimani wa lugha ya alama anahitaji slaidi siku moja kabla.

Nitawezaje kujibu ujumbe usiokwisha?

Tangaza saa mbili kwa wiki za kuwa hewani, na ahadi ya kujibu ndani ya saa 48 za siku za kazi. Swali likiulizwa faraghani na linawahusu wote, lijibu jukwaani bila jina. Baada ya wiki nne wanafunzi huanza kujibizana wenyewe, na kazi yako inakuwa kusahihisha penye kosa.

Mtandao wote wa nchi ukizorota je?

Hutokea, na Mombasa ndiko kebo za mtandao za chini ya bahari zinakotua: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikaenda kwa kujivuta. Siku kama hizo seva iliyo ndani ya nchi, kama zile zinazounganishwa na KENET, mtandao wa taasisi za elimu na utafiti nchini, huendelea kufikika vizuri kuliko huduma ya ng'ambo. Kwa hiyo nakala ya kila rekodi iwe kwenye Moodle ya chuo. Wahimize pia wanafunzi kupakua wiki nzima kwenye programu ya simu ya Moodle wakiwa chuoni kwenye eduroam, waifai ya vyuo. Watasoma bila mtandao wakiwa safarini au nyumbani.

Muhula ukiisha nifanye nini na kozi?

Siku hiyohiyo toa nakala rudufu ya kozi, faili ya .mbz, bila data za wanafunzi, uihifadhi mahali pawili. Kisha angalia kwenye ripoti ni swali gani la jaribio lililokoswa na zaidi ya nusu ya darasa, na ni rekodi gani iliyofunguliwa na wachache. Hizo ndizo za kutengeneza upya kwanza. Nyingine ziache zilivyo.